Gobori: kwetu ilileta kilio, Indiana imekuwa mchezo wa majirani

Leo tunaacha kidogo habari za wiki tuangalie historia ya chombo kimoja ambacho wazee wetu walikijua vizuri: bunduki ya kushindilia. Wengine huiita gobori, na ile ya zamani zaidi, inayowashwa kwa jiwe, huitwa gumegume. Katika majimbo yetu mengine watu husema pupu, hasa kwa ile inayotengenezwa na wahunzi wa kijijini. Ni bunduki isiyo na sanduku la risasi. Baruti na risasi hutiwa kwa mdomo wa mtutu, zikashindiliwa kwa ufito, ndipo mtu apige mara moja tu. Akitaka kupiga tena, aanze upya.

Sababu ya kuizungumzia ni hii. Huko Marekani, katika jimbo la Indiana, kuna kijiji kidogo kinachoitwa Friendship, maana yake Urafiki. Kila mwaka, mwezi wa 6 na mwezi wa 9, watu wenye magobori hukusanyika hapo kwa siku kadhaa. Wanapiga hema na kupika nje, wanashindana kulenga shabaha, wanauziana pembe za baruti na mawe ya gumegume, na jioni wanakaa kuzunguka moto. Wanakuja babu na wajukuu, wanaume na wanawake. Hawapigani na mtu, wala hawawindi kitu. Wanafanya hivyo kwa sababu wanapenda.

Kwa mtu aliyeacha shamba lake na kukimbia usiku kwa mlio wa bunduki, habari hiyo ni ngumu kuiamini. Watu wanawezaje kuufurahia mlio huo? Jibu liko katika historia, na historia hiyo inapita hapa kwetu pia, Maniema na Katanga.

Bunduki yenyewe inavyofanya kazi

Tuanze na chombo chenyewe. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa vitu vitatu: chumvi ya shura, makaa na kiberiti cha unga. Kipimo kilichozoeleka ni sehemu 75 za shura, 15 za makaa na 10 za kiberiti. Wachina ndio walioivumbua, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Mpigaji hupima baruti katika kichupa au kikombe kidogo, akaimimina mtutuni. Halafu huweka kitambaa chembamba kilichopakwa mafuta, na juu yake risasi ya duara. Huchukua ufito unaoitwa mdeki akaisukuma risasi mpaka ikae juu ya baruti. Kwenye gumegume huweka baruti kidogo ya kuwashia kwenye kikombe cha pembeni, na jiwe likigonga chuma hutoa cheche. Kwenye gobori iliyokuja baadaye, huweka fataki, kijikofia kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka, na nyundo ikiigonga moto huingia ndani. Mlio ni mzito, na moshi mweupe hufunika kila kitu mbele yake. Hata askari aliyezoea vizuri, kwa dakika moja hakupita risasi tatu hivi.

Ilivyotufikia

Katika karne ya 19 bunduki hizi ziliingia mashariki ya Kongo kwa njia ya misafara kutoka Unguja, ikipitia Tabora na Ujiji, ikivuka ziwa Tanganyika hadi Nyangwe na Kasongo. Huko Ulaya majeshi yalikuwa yanabadilisha silaha. Walipopata fataki walitupa magumegume, na walipopata bunduki za kujazwa kwa nyuma walitupa magobori. Wafanyabiashara wakanunua zile kuukuu, na viwanda vya Liège huko Ubelgiji na Birmingham huko Uingereza vikaunda nyingine za bei rahisi kwa ajili ya soko la Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia Afrika kila mwaka.

Kwetu zililipiwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wote tunamjua kwa jina la Tippu Tip, alieleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, alichokisimulia kwa Kiswahili, kwamba jina hilo lilitokana na mlio wa bunduki zake. Wengine walisema ni kwa sababu ya kupepesa macho. Hata hivyo, kwamba watu waliweza kumwita mtu kwa mlio wa silaha yake kunaonyesha hali ilivyokuwa.

Tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 1871 ilikuwa siku ya soko Nyangwe, kando ya mto Lualaba. David Livingstone alikuwapo. Aliandika kwamba watu wapatao 1,500 walikuwa wamekuja, wengi wao wanawake wenye vikapu vyao. Mtu mmoja wa wafanyabiashara alianza kugombania kuku. Mara wakaanza kupiga bunduki kwenye umati. Watu wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikasongamana, wengi wakazama mtoni. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Bunduki zilizopiga siku ile hazikuwa za kumimina risasi kama za leo. Zilikuwa za kushindilia, moja baada ya nyingine. Hata silaha ya polepole inatosha kuua soko zima, ikiwa upande mmoja unayo na mwingine hauna.

Kusini, Msiri wa Bunkeya aliijenga serikali ya Wayeke kwa bunduki za namna hiyo. Katanga ina shaba tele, na watu wake walitengeneza risasi za shaba pale risasi za kununua zilipokosekana. Alipokuja kuuawa na msafara wa Stairs, tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 1891, waliomuua walikuwa na bunduki mpya za kujazwa kwa nyuma.

Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 1890, mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba mjini Brussels. Walisema ni wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake walikataza bunduki za kisasa na risasi zake kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa mikono ya serikali zao na watu waliopewa ruhusa. Kilichoachwa huru kwa masharti ni gumegume isiyo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Vita vya Waarabu na serikali ya Leopold vilipokuja, kuanzia 1892 hadi 1894, Nyangwe na Kasongo zilianguka, na Sefu, mtoto wa Tippu Tip, akafa. Askari wa Leopold walikuwa na bunduki za Albini. Wengi wa waliokuwa mbele yao walikuwa bado wanashindilia.

Tangu hapo gobori ilibaki kwetu kuwa bunduki ya mwananchi wa kawaida: ya mwindaji, ya mlinzi wa shamba dhidi ya nguruwe na nyani, na baadaye, kwa bahati mbaya, ya vijana wa vikundi vya silaha.

Furaha ilikuwapo hata kwetu

Tusidanganyane lakini kwamba wazee wetu hawakuijua raha ya baruti. Misafara ilipokaribia mji, watu walipiga bunduki hewani kutangaza kwamba wamefika. Stanley alipoingia Ujiji mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, watu wake walifanya hivyo hivyo, na wenyeji wakatoka mbio kuwalaki. Mlio ule ulisema: tumefika salama, andaeni maji. Huko magharibi, kati ya Wakongo, baruti ilipigwa kwenye mazishi ya mtu mkubwa, ili kila kijiji kijue na kije kulia pamoja.

Mlio mmoja basi ulikuwa na maana mbili. Ukisikika kwa utaratibu unaojulikana, ni salamu au heshima kwa marehemu. Ukisikika bila utaratibu, mama anabeba mtoto na kukimbia. Wasikilizaji wetu wanaijua tofauti hiyo kuliko mwandishi yeyote.

Marekani nako kulikuwa na kilio

Mtu anaweza kufikiri kwamba Wamarekani wanaicheza gobori kwa sababu haikuwaumiza. Si kweli. Katika karne ya 18, mafundi wenye asili ya Ujerumani waliokaa Pennsylvania walitengeneza bunduki ndefu yenye mifereji ndani ya mtutu, inayopiga mbali na kwa usahihi. Baadaye ikajulikana sana kwa jina la Kentucky. Kwa bunduki hiyo walowezi walipata nyama, na kwa bunduki hiyo pia waliwaondoa wenye nchi.

Indiana hiyo hiyo ya kijiji cha Urafiki ina habari ambayo waliohama makwao wataielewa mara moja. Mwezi wa 9 mwaka 1838, watu wapatao 850 wa kabila la Wapotawatomi walikusanywa na wanajeshi wa kujitolea wenye bunduki, wakalazimishwa kutembea kutoka kaskazini ya Indiana mpaka Kansas, safari ya zaidi ya kilometa 1,000 na ya miezi miwili. Zaidi ya 40 walikufa njiani, wengi wao watoto. Safari hiyo inaitwa mpaka leo Njia ya Mauti. Mwaka 1846 zamu ikawa ya Wamiami.

Kisha ikaja vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865. Askari wengi wa pande zote mbili walibeba bunduki za kushindilia, sasa zenye mifereji na risasi ya Minié iliyochongoka. Hesabu iliyozoeleka kwa miaka mingi ni kwamba askari wapatao 620,000 walikufa, kwa risasi na zaidi kwa magonjwa. Vita ilipokwisha, bunduki za kujazwa kwa nyuma zilichukua nafasi. Gobori ikatundikwa ukutani.

Jinsi ilivyogeuka kuwa mchezo

Haikufa kabisa. Milimani, Tennessee na Kentucky, watu walikuwa na desturi ya zamani ya kushindania ng'ombe. Kila mmoja alitoa mchango wake mdogo, ng'ombe akanunuliwa, kisha wakapiga shabaha. Aliyekaribia zaidi katikati alichagua paja analotaka, wa pili akafuata, na hivyo mpaka wa nne. Wa tano alipata ngozi na mafuta. Katika sehemu nyingine, wa sita aliruhusiwa kuchimbua risasi zote zilizobaki kwenye mti wa shabaha, akaziyeyushe tena. Hakuna kilichopotea.

Mwaka 1931, wakati wa shida kubwa ya uchumi, watu wa Portsmouth katika jimbo la Ohio waliitisha shindano la bunduki za kushindilia. Mwaka 1933 chama cha taifa kikaundwa, National Muzzle Loading Rifle Association. Mwaka 1939 kikaanza kutoa gazeti lake, Muzzle Blasts. Makao yake yakawa Friendship, na uwanja wa shabaha ukapewa jina la Walter Cline, mmoja wa wazee wa mchezo huo.

Kwa nini mtu mwenye bunduki za kisasa akaenda kuhangaika na ya babu yake? Wenye mchezo huo wanapoeleza, hawaanzi na mlio. Wanaanza na polepole yake. Kwa kuwa una risasi moja tu, unafikiri kabla ya kupiga. Kila fundi ana kipimo chake cha baruti, unene wake wa kitambaa, mafuta yake, na kila bunduki ina tabia yake ambayo lazima ujifunze kama unavyojifunza tabia ya ng'ombe wa maziwa. Hali ya hewa ikibeba unyevu, jiwe linagoma. Moshi ukifunika, unasubiri uondoke ndipo ujue umepiga wapi. Wakati huo wa kusubiri ndio wakati wa maneno. Jirani anakuazima jiwe, mwingine anakuonyesha kasoro, watoto wanacheka gumegume inapotoa cheche na baruti isiwake. Jioni kila mtu anaosha mtutu wake kwa maji na sabuni, maana masizi ya baruti hula chuma, na kazi hiyo ya kuosha nayo hufanywa kwa hadithi.

Ujuzi huo hausomwi tu kitabuni. Unatoka mkono kwa mkono, kutoka kwa mzee kwenda kwa kijana. Wengine hujifunza kuunda bunduki nzima wenyewe, kuchonga kitako, kufua vyuma, kuchora pembe ya baruti. Wahunzi wetu wangewaelewa bila mkalimani.

Sheria kwanza

Jambo la pili ni sheria, na hapo tusikilize vizuri. Mwaka 1971 mchezo huu ulipata mashindano ya dunia, chini ya kamati ya kimataifa inayoitwa MLAIC. Kanuni zake ni rahisi. Katika mashindano yake ya shabaha, mpigaji anapewa risasi 13 kwa dakika 30, na 10 zilizo bora ndizo zinazohesabiwa. Ni lazima baruti nyeusi. Kila kipimo kiwe kimepimwa mapema katika kichupa chake, maana ukimimina moja kwa moja kutoka pembe, cheche iliyobaki mtutuni inaweza kulipua pembe nzima mkononi mwako. Hakuna kuweka fataki mpaka uwe kwenye mstari na mtutu umeelekea shabaha. Msimamizi akisema acheni, wote wanaacha, hata bingwa.

Majina ya mashindano yenyewe yanasimulia historia. Moja linaitwa Tanegashima, kwa kisiwa cha Japani ambako Wareno walifikisha bunduki za utambi mwaka 1543. Jingine Minié, kwa Mfaransa aliyebuni ile risasi iliyoua maelfu. La wanawake linaitwa Walkyrie. Kwenye mstari mmoja wanasimama Wafaransa na Wajerumani, Waingereza na Wamarekani, ambao mababu zao walipigana kwa silaha hizo hizo. Sasa wanaazimana mafuta ya bunduki.

Na Wazungu si peke yao. Huko Moroko kuna mchezo wa farasi na baruti uitwao tbourida. Wapanda farasi waliovaa kanzu hupanga mstari, wakaenda mbio pamoja, na kwa amri ya mkubwa wao, mokaddem, wote wanapiga bunduki zao za kushindilia hewani. Sifa ni kwamba milio yote isikike kama mmoja. Mmoja akichelewa, kundi zima limekosa. Zamani yalikuwa mazoezi ya vita. Mwaka 2021 UNESCO iliuandika katika urithi wa utamaduni wa dunia, na siku hizi yapo hata makundi ya wanawake.

Kwetu je?

Mwandishi wenu haandiki haya ili vijana watafute magobori. Silaha ya kienyeji isiyo na kibali ni kosa kwa sheria, mtutu mbaya hupasuka na kumkata mwenyewe vidole, na tuna silaha za kutosha katika nchi hii. Ninaandika kwa sababu historia hii inajibu swali ambalo watu wengi huuliza siku hizi: je, sisi tumeumbwa kwa vita?

Angalieni Indiana. Nchi iliyowafukuza Wapotawatomi kwa mtutu, na ambayo vijana wake walikwenda kuuana na ndugu zao, leo inaleta mtutu ule ule uwanjani, na watoto wanakula mahindi ya kuchoma pembeni. Haikutokea kwa siku moja. Kati ya mwisho wa vita yao na shindano la Portsmouth ilipita miaka 66. Wala haikutokea kwa sababu bunduki ilichakaa tu. Kwetu gobori ni kuukuu vile vile, na bado inaua. Kilichobadilika ni kwamba vita ilikwisha kweli, watu wakarudi kwenye mashamba yao, na wote wakakubali msimamizi mmoja anayeweza kusema acheni na akasikilizwa. Tena mambo hayo hayakuwafikia wote. Wapotawatomi waliopelekwa Kansas hawakurudishiwa ardhi yao, na mchezo wa Friendship hauwezi kulifuta hilo.

Tuna mambo yetu ya kushika kutoka hapo. La kwanza, wazee wanaojua habari za magobori, njia za misafara, salamu za baruti na mazishi ya zamani, waulizwe sasa wakiwa hai, hata wakiwa kambini. Kuhama kunapoteza nyumba, na kunapoteza pia masimulizi. La pili, tukisikia watu wakizungumzia kukusanya silaha, tuulize pia nani atakuwa msimamizi wa mstari, na kama wote watamsikiliza.

Nyangwe bado iko kando ya Lualaba, na soko bado ni kazi ya akina mama, kama mwaka ule wa 1871. Kuku bado anauzwa na kugombaniwa bei. Tunachoomba ni kidogo: ugomvi wa kuku uishie kwenye bei, na mwenye kuhama arudi kwake akiwa hai kusikia mlio mmoja tu, ule wa wageni wanaofika salama.